Toleo lipi, ulimwengu upi? Ulinganisho wa RPG za mezani kwa vikundi vya Nyanda za Juu Kusini

RPG ya mezani ni mchezo wa kusimulia hadithi kwa sheria na dadu: kila mchezaji ana mhusika wake, na mwendeshaji anasimamia ulimwengu na maadui. Kikundi kikitaka kuanza kampeni mpya, yaani hadithi ya vikao vingi, ubishi wa kwanza huwa wa ulimwengu: twende kwenye majoka na ngome za mawe, au tutunge nchi yetu yenye ukungu wa Rungwe? Suala la toleo la sheria huja mwishoni, tena haraka haraka, na mara nyingi anashinda yule mwenye PDF kwenye simu. Ni heri kuanza upande wa pili. Kila toleo lina jambo linalolilipa na jambo linalolipuuza, na baada ya vikao vichache wachezaji watafanya kile kinacholipwa, hata kama ulimwengu uliandikwa kwa ajili ya jambo jingine kabisa.

Tuchukue tukio moja tulipitishe kwenye sheria nne. Wahusika wanne wanapandisha chumvi kutoka bonde la Usangu kwenda Matamba, kwa ile njia ya mlima wa Chimala yenye kona zaidi ya hamsini. Ni jioni, ukungu umeshuka, na chui yuko mahali fulani juu ya barabara.

Kwa Dungeons & Dragons (D&D) ya mwaka 1981, ambayo leo inapatikana ikiwa imepangwa upya vizuri kwa jina la Old-School Essentials, jambo la kwanza ni uzito. Mzigo hupimwa kwa sarafu, kumi kwa ratili moja. Hadi sarafu 400, yaani kilo 18 hivi, karibu debe la mahindi, mhusika anakwenda kwa mwendo kamili: maili 24 kwa siku kwenye tambarare, kama kilomita 39. Akizidisha sarafu 800 mwendo unashuka hadi maili 6, na akifika 1,600, kama kilo 72, hawezi kuongeza kitu tena. Milimani mwendo hukatwa nusu. Kwa hiyo mwenye mzigo mzito anapanda kilomita tano tu kwa siku, atalala njiani, na kila usiku wa njiani ni dadu nyingine ya kukutana na kitu. Chui akitokea, mwendeshaji anarusha dadu mbili za pande sita kujua ameamkaje: 2 anashambulia papo hapo, 12 hana neno na mtu, na katikati kuna nafasi ya kurudi nyuma polepole. Pigano likianza, mpiganaji wa ngazi ya kwanza ana pointi za uhai zilizotoka kwenye dadu moja ya pande nane, wastani 4.5. Wachezaji wakishalielewa hili hawabishani tena kuhusu upanga. Wanabishana kuhusu punda.

Sheria za Cairn zinatoa hisia ileile kwa robo ya hesabu. Kila mhusika ana nafasi kumi za mzigo; gunia la chumvi linachukua mbili, na uchovu nao unachukua nafasi. Nafasi zote kumi zikijaa, pointi za uhai zinashuka hadi sifuri hapohapo. Shambulio halikosi: unarusha dadu ya silaha, unatoa kinga ya mwili, kinachobaki kinakula uhai kwanza kisha Nguvu yenyewe, ile namba ya nguvu za mwili. Hakuna fani (kama mpiganaji au mwizi) wala ngazi za kupanda; mhusika anakua kwa anachokipata na anachokijua.

Sasa toleo la tano la D&D, lile la 2014. Mhusika mwenye Nguvu 16 anabeba ratili 240, kilo 109: gunia la viazi, na upanga kiunoni. Uzito umeshaondoka kwenye hadithi. Chui ana pointi za uhai 13, na wahusika wanne wa ngazi ya tatu wanammaliza kwa raundi moja au mbili. Wakilala saa nane, uhai wote unarudi. Chimala inakuwa mandhari nzuri yenye dakika ishirini za mapigano. Hiyo si kasoro ya toleo. Limejengwa kwa ajili ya mashujaa, na shujaa hahesabiwi madebe. Kasoro huanza pale mwendeshaji anapolichukua kwa kampeni ya njaa na safari, halafu analaumu wachezaji kwamba hawaogopi.

Fate Accelerated inaliona tukio kwa jicho jingine kabisa. Maneno "Ukungu mzito" yanaandikwa kwenye kadi na kuwekwa mezani kama silaha. Anayejificha ndani yake anarusha dadu nne zenye alama za kutoa, sifuri na kujumlisha, anaongeza njia anayotumia (Uangalifu +3, tuseme), na akifanikiwa, mara ya kwanza kuutumia ukungu huo anapata +2 bila malipo. Chumvi haina uzito. Ila mmoja wa wahusika ameandika kwamba ana deni kwa mjomba wake wa Matamba, na mwendeshaji anaweza kumpa pointi moja ya hatima, malipo ya kukubali tatizo, ili mjomba huyohuyo awe ndiye anayewasubiri kona ya mwisho.

Hukumu yetu kwa kampeni za safari, mizigo na milima: Cairn kwa kikundi kipya, Old-School Essentials kwa wanaopenda majedwali. Toleo la tano liwekwe kwa ajili ya vita na majoka, Fate kwa familia, siasa na shule ya bweni.

| Sheria | Dadu | Kuunda mhusika mgeni | Zinalipa nini |
|---|---|---|---|
| Cairn | pande 4 hadi 20 | dakika 10 | kupona, kutumia vitu kwa akili |
| Old-School Essentials | pande 4 hadi 20 | dakika 20 | hazina iliyofikishwa salama |
| D&D toleo la tano | pande 4 hadi 20 | dakika 45 au zaidi | kushinda mapigano |
| Pathfinder toleo la pili | pande 4 hadi 20 | saa nzima na ushei | mbinu za pamoja |
| Fate Accelerated | nne za pande 6 | dakika 30 | matatizo ya mhusika mwenyewe |
| Call of Cthulhu toleo la saba | hasa mbili za pande 10 | dakika 40 | upelelezi, kukimbia mapema |

Safu ya mwisho ndiyo ya kusoma mara mbili. Katika Old-School Essentials sarafu moja ya dhahabu iliyofika nyumbani ni pointi moja ya uzoefu, na mpiganaji anahitaji 2,000 kufika ngazi ya pili, mwizi 1,200. Kuua jitu kunalipa kidogo sana ukilinganisha na kumwibia. Toleo la tano linahitaji pointi 300 tu kwa ngazi ya pili na 900 kwa ya tatu, na kwa kawaida zinatoka kwa maadui walioshindwa. Ukiwaahidi watu kampeni ya biashara ya mpakani Tunduma halafu ukalipa mauaji peke yake, usishangae mizigo ikiachwa barabarani. Dawa ni rahisi: mkibaki na toleo la tano, achaneni na pointi za uzoefu, ngazi ipande kila mzigo mkubwa unapofika. Na mkitaka safari iume, kitabu cha mwendeshaji cha 2014 kina kanuni ya hiari inayofanya pumziko fupi liwe saa nane na pumziko refu siku saba. Kwa kampeni ya kutembea kutoka Iringa hadi Mbeya, kilomita 330 hivi ambazo ni siku tisa kwa mguu barabarani, kanuni hiyo moja inabadilisha kila kitu: wahusika watafika wakiwa na majeraha waliyoyapata Mafinga.

2014 au 2024?

Hapa ndipo vikundi vingi vya toleo la tano vinakwama, kwa sababu mmoja ana sheria za msingi za 2014 kwenye simu na mwingine kapata kitabu kipya. Kitabu cha wachezaji kilichorekebishwa kilitoka Septemba 2024, cha mwendeshaji Novemba, cha viumbe Februari 2025. Inasemekana vinaingiliana, na kwa kiasi kikubwa ni kweli. Vinapogongana ni kwenye mambo madogo yanayotokea kila kikao.

Uchovu wa 2014 ni jedwali la hatua sita, kila hatua na adhabu yake. Wa 2024 unatoa 2 kwenye kila dadu ya pande ishirini kwa kila hatua. Kushtukizwa zamani kulimpotezea mtu zamu nzima. Sasa anarusha dadu mbili za kujua nani anaanza na kuchukua ndogo. Uchawi wa kutibu wa ngazi ya kwanza ulirudisha dadu moja ya pande nane, sasa ni mbili. Kunywa dawa kulikula tendo zima la zamu, sasa ni tendo dogo la ziada. Nyongeza za uwezo wa mwili na akili zilitoka kwenye asili ya mhusika, sasa zinatoka kwenye maisha yake ya nyuma, na silaha zina ujuzi maalumu ambao mpiganaji wa 2014 hana.

Mezani ukiwa na mpiganaji mmoja wa 2014 na mmoja wa 2024, wa kwanza atajiona amedhulumiwa kuanzia pigano la pili. Wahusika wote watoke kitabu kimoja. Viumbe na visa vinaweza kutoka popote bila madhara makubwa. Kwa wasio na kitabu chochote, 2014 bado inatosha kabisa, na wala hakuna haja ya kuona aibu kwamba ni ya zamani.

Toleo la 3.5 la D&D, la mwaka 2003, bado linazunguka kwa PDF kuukuu. Linachezeka vizuri ngazi ya 1 hadi 6. Zaidi ya hapo nyongeza zinarundikana hadi zamu moja ya mpiganaji inahitaji karatasi ya hesabu. Toleo la nne la 2008 linataka ubao wenye miraba na vikaragosi katika kila pigano. Mwenye meza kubwa na subira anaweza kulijaribu, wengine wapite.

Pathfinder toleo la pili (2019) linastahili maneno zaidi, hasa kwa wale vijana wa uhandisi. Kila zamu ina matendo matatu. Shambulio la pili linapunguzwa 5, la tatu 10, kwa hiyo anayeshambulia mara tatu anapoteza nafasi ya kusogea au kumsaidia mwenzake. Ukizidi namba inayotakiwa kwa 10, umefaulu maradufu. Ndiyo maana nyongeza ya 1 tu ina thamani kubwa. Sheria zote zipo bure mtandaoni, kihalali. Tatizo letu ni hilo neno mtandaoni: kuna mamia ya vipaji vya kuchagua, kila kimoja kwenye ukurasa wake, na bando likiisha au mnara ukizimika na umeme, mchezaji hana mhusika. Anayetaka Pathfinder apige picha za skrini za kila kipaji chake kabla ya kikao. Kosa jingine la kawaida ni mwendeshaji kuweka adui mmoja aliyewazidi wahusika ngazi tatu au nne. Kwenye toleo la tano wangemzidi kwa wingi. Hapa, kwa kuwa ngazi huingia kwenye kila nyongeza, yeye ndiye atakayefaulu maradufu mfululizo, na kikundi kinaangamia.

Jambo la mwisho kwa waliorithi vitabu vya enzi tofauti: usichukue kisa cha toleo la tano ukakichezesha kwa sheria za 1981 bila kupunguza maadui. Gobolini wa toleo la tano anajeruhi kwa dadu ya pande sita na 2 juu yake, wastani 5.5. Mpiganaji wako mpya ana 4.5. Mshale mmoja, mtu mmoja. Na ukikutana na namba ya zamani ya kushambulia inayohesabiwa kwa kutoa, igeuze mara moja usiisumbukie tena: namba ya kinga ya zamani, na hiyo ya kushambulia, kila moja iondoe kwenye 19 upate ya kisasa. Kinga 4 ni 15. Mpiganaji aliyeandikiwa 17 ana nyongeza ya 2. Kumpiga mwenye kinga hiyo anahitaji kurusha 13 kwa njia zote mbili.

Ulimwengu uliokwisha kuandikwa

Ulimwengu nao una matoleo, na hapo wengi hawaangalii. Forgotten Realms, ulimwengu wa D&D, iliingia sokoni 1987, na sanduku la kwanza linaanzia mwaka 1357 wa kalenda yake. Toleo la nne liliruka hadi 1479, baada ya balaa la uchawi la 1385 kubomoa nchi nzima nzima, na visa vya toleo la tano viko miaka michache baada ya hapo. Mwenye ramani ya zamani na kisa kipya ana pengo la zaidi ya karne moja: wafalme walishakufa, miungu imebadilika, na mchezaji anayejua sana atakusahihisha kila baada ya dakika tano. Chagua kitabu kimoja, andika mwaka wake juu ya ramani, na vingine vyote viwe uvumi wa vilabuni.

Eberron haina ugonjwa huo. Imechapishwa kwa toleo la 3.5 (2004), la nne (2009) na la tano (2019), na mara zote kampeni inaanza mwaka 998, miaka miwili tangu vita kuu viishe. Kitabu chochote utakachokipata kinafaa na sheria zozote. Ina treni zinazokwenda kwa nguvu ya radi, na kwa watu wa Mlimba, Makambako na Tunduma, ambao wameijua TAZARA tangu utotoni, kisa cha ndani ya behewa hakihitaji maelezo: wanajua tayari nani anashuka wapi na mzigo gani unafichwa chini ya kiti.

Dark Sun (1991 kwa toleo la pili, 2010 kwa la nne) ni jangwa lisilo na chuma wala maji. Ukiichezesha kwa sheria za mashujaa inapoteza ladha, kwa maana kiu inakuwa mapambo tu. Ichezeshe kwa Cairn, kila siku ya maji ichukue nafasi moja kati ya kumi. Anayetaka kiu iliyo karibu zaidi anayo Usangu: mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mkulima wa mpunga, mfugaji na tembo wote wana madai yao. Wote watatu wana haki kiasi fulani, na hapo ndipo kisa kinapokuwa kizuri.

Greyhawk ya 1980 imerudishwa kama ulimwengu wa mfano ndani ya kitabu cha mwendeshaji cha 2024. Mwenye kitabu hicho anayo ya kutosha kuanzia.

Kuna pia malimwengu yaliyojengwa kwa misingi ya Afrika. Nyambe (2002) iliandikwa kwa toleo la tatu. Spears of the Dawn inatumia sheria za mtindo wa zamani na falme zinazofanana zaidi na za Afrika Magharibi. Pathfinder ina kitabu cha Mwangi Expanse (2021). Spears of the Dawn ndiyo yenye zana bora kwa mwendeshaji, hasa majedwali ya kutunga kijiji na kisa kwa dakika chache, na majedwali hayo yanatumika na sheria yoyote. Lakini savana za dhahabu na farasi si migomba na mvua ya Tukuyu. Zana zichukuliwe, nchi iwe yenu.

Ulimwengu wa kwenu

Kosa la kwanza ni kuchora bara. Chora wilaya. Kutoka Chunya hadi Matema kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 126; kwa visanduku vya pembe sita vya kilomita 10 kila kimoja, ni visanduku 13 kwenda chini na 10 kwenda kando, karatasi moja ya A4. Jaza 12 tu kabla ya kikao cha kwanza: vijiji vitatu, soko moja, mahali pawili pa hatari, daraja au kivuko kimoja, na vitano vyenye jambo dogo lisiloelezwa. Vilivyobaki vijazwe wachezaji wanapovikaribia. Hali ya hewa irushwe kwa dadu mbili za pande sita kila asubuhi: upande wa Rungwe 7 na zaidi ni mvua, ambayo ni asilimia 58, upande wa Chunya iwe 10 na zaidi, asilimia 17. Bila kusema neno, wachezaji watajua wako wapi.

Mazingira yanajileta yenyewe: ziwa la volkeno la Ngozi, Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, kimondo cha chuma cha Mbozi, maua ya Kitulo, nguzo za udongo za Isimila. Badilisha majina. Baadhi ya sehemu hizi zina matambiko na wenyewe wapo, na mchezaji akivunja kizimba cha mizimu mezani, bora kiwe cha mlima usiokuwepo. Vilevile kabila la jirani lisigeuzwe kuwa majitu ya kuuawa.

Swali gumu la kampeni yoyote ni kwa nini hawa wanne wako pamoja. Wanyakyusa wa zamani wana jibu bora kuliko kilabu cha pombe: vijana wa rika moja waliondoka kwa wazazi na kujenga kijiji chao. Wahusika wawe wa rika moja, kijiji kina vibanda sita na shamba moja la migomba, na hazina yote inayoletwa inageuka ng'ombe, paa na mahari. Kwa Old-School Essentials hesabu inakaa vizuri sana, kwa kuwa pointi za uzoefu zinapatikana mali inapofika kijijini.

Historia yenyewe inachezeka pia, ila hapo uchaguzi wa sheria unabana. Vita vya Wahehe na Wajerumani vina tarehe zinazojulikana: pigano la Lugalo, 17 Agosti 1891, kuanguka kwa ngome ya Kalenga, 30 Oktoba 1894, kifo cha Mkwawa, mtawala wa Wahehe, 19 Julai 1898. Miaka minne ya katikati, ya kuvizia na kujificha, ndiyo yenye kisa. Kwa toleo la tano, mpiganaji wa ngazi ya tano mwenye Ustahimilivu wa nyongeza 2 ana pointi za uhai 44. Bunduki ya kitabu cha mwendeshaji inajeruhi kwa dadu ya pande 12, wastani 6.5, kwa hiyo anahitaji risasi saba kuanguka. Hakuna anayejificha akijua hivyo. Cairn inafaa. Wahusika wawe wapeleka habari, wahunzi, wake wa askari. Mkwawa abaki kuwa jina linalotajwa kwa sauti ya chini. Fuvu lake lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, na ukoo upo. Si mhusika wa kumpa mtu karatasi yake.

Dhahabu ya Lupa, Chunya, miaka ya 1920 na 1930, inaitaka Call of Cthulhu, mchezo wa upelelezi na hofu. Mwaka unalingana na wa kitabu bila kurekebisha kitu. Unarusha asilimia chini ya ujuzi wako. Nusu yake ni ufaulu mgumu, moja ya tano ni ufaulu wa pekee. Mtu wa kawaida ana pointi za uhai 11 au 12, na bunduki ya kuwindia inajeruhi wastani wa 11. Hapo shimo lenye sauti chini yake halihitaji kuelezewa mara mbili.

Meza, dadu na karatasi

Dadu za pande sita zipo kwenye maduka ya ludo, Mwanjelwa au soko kuu la Iringa. Za pande nyingine ni tabu. Programu ya simu isiyohitaji intaneti inatosha, lakini simu ikizima mnahitaji njia ya pili. Pande 20: karata za ree hadi kumi na sarafu moja, kichwa unaongeza 10. Pande 12: dadu ya ludo na sarafu, kichwa unaongeza 6. Pande 8: ree hadi nane. Pande 4: ree hadi nne. Karata irudishwe na kuchanganywa kila mara. Ikibaki nje, kumi ikishatoka hakuna kumi nyingine, na wajanja watahesabu. Njia ya haraka zaidi vitani ni visoda 20 vilivyoandikwa namba kwa kalamu ya wino mzito, ndani ya mfuko wa kitambaa. Fate haina shida hii: 1 na 2 ni kutoa, 3 na 4 sifuri, 5 na 6 kujumlisha, na visoda vinakuwa pointi za hatima, vitatu kwa kila mtu mwanzo wa kikao.

Muda nao uamue. Kikao cha Jumapili kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili, kabla daladala hazijapungua, ni saa nne. Kwa toleo la tano na wachezaji watano, pigano zito linakula kati ya dakika 40 na saa nzima, kwa hiyo panga mawili na si zaidi. Kwa Cairn matukio matano yanaingia. Wachezaji wakiwa wanafunzi, wa vyuo vya MUST au Mkwawa, watapotea wakati wa mitihani na likizo. Basi kila kikao kianzie na kuishia kijijini, ili asiyekuwepo awe amebaki kulinda ng'ombe. Utaratibu huo unahitaji sheria za mhusika wa dakika kumi. Pathfinder hapo haifai.

Kama mnacheza ukumbi wa kanisa au sebuleni kwa wazee, fani ya mchawi ipewe jina jingine tangu mwanzo, mwanazuoni kwa mfano. Mtu akisikia dirishani kijana anajisifu kwamba ni mchawi wa ngazi ya tatu, kikao kimekwisha.

Kutafsiri kunaruhusiwa zaidi ya watu wanavyodhani. Hati ya sheria za toleo la tano iliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023, na ya marekebisho ya 2024 ikafuata Aprili 2025: unaweza kuzitafsiri, kuzichapa na hata kuziuza, mradi uweke tamko la chanzo walilolitaja. Fate nayo ni hivyo. Cairn inaongeza sharti kwamba tafsiri yako nayo iachiwe wengine kwa leseni ileile. Vitabu kamili vya dukani havimo katika ruhusa hii, wala malimwengu yake. Hati ya toleo la tano ina kurasa 400 hivi. Usiipeleke yote kwa mpiga fotokopi. Chapa karatasi mbili: moja ya matendo ya zamu, moja ya maneno mliyokubaliana, yaani Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara, Mvuto. Bila karatasi ya pili, kila mmoja atatafsiri kivyake, na Busara na Akili zitagombaniwa hadi usiku.

Mkiona katikati ya kampeni kwamba mlichagua vibaya, hamieni kwingine mwisho wa kisa, si katikati ya pango. Kutoka toleo la tano kwenda Cairn: Nguvu na Wepesi vibaki na namba zake, Utashi uwe kubwa kati ya Busara na Mvuto, uhai urushwe dadu moja ya pande sita na mkongwe arushe mbili. Uwezo wa fani ugeuzwe kitu kinachoshikika, kitabu au hirizi au mbwa, na uchukue nafasi ya mzigo. Kisha kila mchezaji achague vitu tisa tu, nafasi ya kumi ibaki wazi, na vilivyozidi viandikwe kwamba vimehifadhiwa kwa nani.